Ngoma Ikilia, Nani Hulipwa?

Karindula huanza na pipa la mafuta lililokwisha kazi yake. Pipa hilo hufunguliwa upande mmoja, huvikwa ngozi ya mbuzi, hutiwa shingo ndefu ya mbao na kufungwa nyuzi nne, na ngozi ikishakauka vizuri huwa banjo kubwa ajabu, yenye mvumo ambao mtu aliyesimama karibu huusikia tumboni kabla ya kuusikia masikioni. Hapa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, chombo hicho na muziki wake huitwa kwa jina hilo hilo moja, na makao yake ya kawaida ni barabarani na penye vilio, yaani mikesha ya misiba, hasa katika komini (sehemu za mji) za wafanyakazi kama Katuba, Kenya na Ruashi. Ukiwauliza wakazi wa mji huu kama karindula ni muziki wa asili au ni muziki wa biashara, utapata majibu mawili yanayogongana, na mara nyingi yatatoka katika familia moja.

Nilishuhudia mgongano huo katika kilio kimoja huko Katuba. Vijana wa karindula walikuwa wameitwa na wajukuu wa marehemu, nao walipoanza kukaza nyuzi zao, baba mudogo wangu, ambaye alizaliwa upande wa Kabongo na bado huhesabu ukoo wake bila kusita, alisema kwa sauti ya kusikika na wote: «Ile si ngoma ya bankambo yetu, ni kelele ya pipa.» Mama mukubwa aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akamjibu kwamba bankambo, yaani mababu, nao walipiga kile walichokipata mbele yao, na kwamba kama wangeachiwa mapipa badala ya magogo, wangepiga mapipa. Hakuna aliyeshinda. Baadaye usiku, kijana wa kuimba alipofika kwenye jina la baba yake baba mudogo, mzee yule yule aliinuka, akachomoa noti mfukoni na kuiweka mkononi mwa mwimbaji, kisha akarudi kuketi na uso ule ule wa kutoridhika.

Nimelifikiria tendo hilo kuliko maneno yaliyolitangulia. Watu wengi wanaoandika kuhusu muziki wetu huweka mpaka kati ya asili na biashara mahali ambapo pesa inaingia: ngoma ya asili ni ile inayopigwa bure kwa ajili ya jamii, na muziki wa biashara ni ule unaouzwa. Mpaka huo haujawahi kuwepo katika nchi hii. Ngoma zetu zimekuwa zikilipwa tangu zamani, na jambo la kuuliza ni pesa inaingia katika wimbo kwa mlango gani, wakati gani, na mkononi mwa nani.

Chukua mfano wa Waluba, ambao ndio ninaowafahamu zaidi. Chama cha mbudye, kilichotunza kumbukumbu za ufalme kwa msaada wa ubao wa lukasa wenye shanga na michoro, hakikufundisha wala kucheza bure. Aliyetaka kuingia alilipa, aliyetaka kupanda daraja alilipa tena, na mfalme aliyetaka ukoo wake usimuliwe hadharani aliwalisha wasimulizi. Mwimbaji wa kasala, zile sifa ndefu za ukoo zinazoimbwa hasa kwa Waluba wa Kasai katika misiba na sherehe, hutegemea mbuzi, nguo au pesa za wale anaowataja. Wala hafichi kwamba anazitegemea. Hutaja jina la mtu, hutaja la babu yake, huongeza lile la sifa, kisha hunyamaza kidogo na kumtazama. Ukimya ule ni sehemu ya wimbo. Aliyetajwa hujibu kwa kutoa, na mwimbaji akishapokea huendelea akiwa amebadilisha mwelekeo, kwa sababu sasa anajua kilichomgusa msikilizaji wake. Asiyetoa naye amejibu, na wimbo utalieleza hilo kwa namna ambayo jirani zake wataielewa mara moja.

Kwa hiyo pesa katika ngoma hufanya kazi ya neno: ni jibu la msikilizaji, na hutolewa wimbo ukiwa bado mdomoni. Katika santuri, kaseti au faili ya simu, msikilizaji hulipa kabla au baada ya wimbo, humlipa mtu ambaye hakuimba, na alicholipa hakiwezi kuugeuza wimbo hata kwa silabi moja. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona, nami naona ni kubwa kuliko tofauti ya pipa na gogo, au ya gita na kisanji.

Historia ya mji wetu inaeleza kwa nini tofauti nyingine zote huyeyuka zikikaribiwa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ikaanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka Luapula, kutoka Rwanda na kutoka vijiji vya Katanga yenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikaanza kuwaweka kambini pamoja na wake zao na watoto wao ili wasiondoke. Jumapili kila kundi lilicheza ngoma ya kwao mbele ya macho ya makundi mengine. Ngoma iliyokuwa na msimu wake, mavuno au kutawazwa kwa chifu, ikapata ratiba ya juma la kazi. Pamoja na hizo ilikuwepo mbeni, ambayo ilitoka pwani ya Afrika Mashariki ikiwa na vyeo vya wafalme na magavana, sare na gwaride, na ikawashika vijana wa Elisabethville kama ilivyowashika wa Dar es Salaam. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa migodi wa Luanshya, katika Zambia ya leo, mtafiti J. Clyde Mitchell aliona mwanzoni mwa miaka ya 1950 wachezaji wa kalela wakivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa huku wakisifu kabila lao na kuwatania wengine. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1956 na bado husomwa. Wachezaji hao walicheza ngoma ya kabila, lakini ngoma hiyo ilizaliwa mjini, kwa sababu ni mjini ambako kabila lilihitaji kujitambulisha kwa wageni. Sehemu kubwa ya kile ambacho wazee wa Lubumbashi hukiita ngoma ya kwetu ilipitia kambini kabla ya kuwafikia, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Jina ambalo huwezi kuliruka ukizungumzia jambo hili ni la Jean-Bosco Mwenda, aliyejulikana baadaye kama Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya Msiri, yule mfalme ambaye baba zake walikuja kutoka Unyamwezi kwa biashara ya shaba na pembe na ambaye aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kumtwalia mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi ya Katanga, mwezi Desemba 1891. Mtoto wa mji wa namna hiyo hawezi kuwa na «asili» moja iliyonyooka. Mwenda alipiga gita kavu kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likitembea na besi na kidole cha pili kikitupa sauti za juu kinyume na mapigo, hivi kwamba anayesikia kwa mara ya kwanza hutafuta mpigaji wa pili. Katika vidole vile kuna nyimbo za kijijini, kuna nyimbo za kanisani, na kuna santuri za muziki wa Kuba za mfululizo ulioitwa GV zilizoanza kuuzwa Afrika tangu mwaka 1933.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika ya kati na ya kusini na mashine zake za kurekodi, alimkuta Mwenda huko Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi. Akamrekodi, na wimbo wa Masanga ulikuwa miongoni mwa zile alizozichukua. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Tracey alikuwa na kofia mbili. Alifanya kazi na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza santuri za Gallotone madukani kutoka kusini hadi Nairobi. Na wakati huo huo alikuwa akikusanya muziki kwa ajili ya elimu, kazi iliyozaa mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Roodepoort na mfululizo wa santuri zaidi ya 200 zilizokusudiwa vyuo na makumbusho. Sauti zile zile za Mwenda zilipita njia zote mbili. Katika duka la Mhindi mjini Nairobi, Masanga ilikuwa bidhaa mpya ya kuchezewa dansi. Katika rafu ya chuo kikuu Ulaya, ilikuwa kielelezo cha muziki wa Kiafrika, chenye maelezo ya lugha na kabila. Vidole havikubadilika hata kidogo kati ya duka na rafu. Kilichobadilika ni jalada.

Ningependa wale wanaobishana kuhusu usafi wa muziki wamsikilize Mwenda huku wakikumbuka hilo. Mtaalamu David Rycroft aliichambua mipigo yake noti kwa noti mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa heshima ile ile anayopewa mtunzi wa Ulaya, na mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaani katika tamasha la Newport nchini Marekani, mbele ya vijana waliotafuta muziki ambao haujaguswa na soko. Lakini gita la Katanga lilikuwa limeguswa na soko zamani. Lilikwishapelekwa Nairobi kutangaza vidonge vya maumivu vya Aspro. Sidhani kama tangazo la vidonge lililiharibu gita hilo, kama ambavyo sidhani kwamba Newport ililisafisha. Masengo Edouard, ndugu yake Mwenda, alipoimba huku mwenzake akigonga chupa ya soda kwa kijiti, watu walicheza, na hakuna aliyesimama kuuliza kama chupa ile ni ya jadi.

Kilichopotea katika santuri ni kitu kingine. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba dakika tatu hivi. Nyimbo za Katanga za wakati ule zilikuwa na beti zilizoongezwa kulingana na waliohudhuria: umeingia katika baa, mwimbaji amekuona, umo katika ubeti unaofuata, na glasi yake ya bia imejazwa kwa gharama yako. Wimbo wa dakika tatu hauna nafasi ya kukuona. Mwimbaji alilazimika kuchagua beti ambazo zingeeleweka Likasi na Nairobi pia, na zile za fulani mwana wa fulani zikaachwa nje. Wanaosikiliza rekodi hizo leo na kudhani kwamba wanausikia usiku mmoja wa Jadotville wanasikia kipande kilichokatwa kwa kipimo cha sahani.

Kisa cha pili ni cha Kamina, mji mwingine wa Katanga, na kinaniumiza zaidi. Katika miaka ya 1950 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda huko kwaya ya wavulana na walimu wao iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Waliimba katika maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958, wakazunguka Ulaya, na misa yao, Missa Luba, ikatolewa na kampuni ya Philips na kusambaa duniani. Kyrie yake inafuata namna ya kasala, ile ya kulia msiba, na sehemu nyingine zinafuata nyimbo za kuagana na midundo ya kuchezea. Miaka kumi baadaye Sanctus yake ilisikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo if.... na ikapata mashabiki ambao hawangeweza kuionyesha Kamina kwenye ramani. Muziki huo ulijengwa na waimbaji wenyewe kwa kuimba na kuongeza papo kwa hapo juu ya misingi waliyoijua tangu utotoni. Ulipoandikwa kwenye karatasi na kuchapishwa, jina lililowekwa juu ya karatasi lilikuwa la Haazen, kama mpangaji wa muziki, na chini yake palikuwa na watu wa Kongo kwa jumla.

Sisemi kwamba padri huyo alikuwa mwizi. Bila yeye kwaya haingekuwepo, na alisikia uzuri ambao mapadri wengine wa wakati wake waliukataza mlangoni mwa kanisa. Ninachosema ni kwamba muziki ukishapachikwa jina la jadi hukosa mtunzi mbele ya sheria, na kisichokuwa na mtunzi humalizikia mikononi mwa yule mwenye kalamu. Mvulana aliyebuni mruko wa sauti unaofanya shingo za Wazungu zisisimke alikuwa mtunzi kamili, lakini kwa kuwa alitunga kwa mdomo na kwa namna ya babu zake, ubunifu wake ulihesabiwa kuwa urithi. Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, na haki hizo hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, ili watoto wake wapate chochote. Kwa Mwenda, aliyefariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, hesabu hiyo inaweza kufanywa. Kwa wavulana wa Kamina haina pa kuanzia.

Serikali nayo ilipita katika jambo hili, ingawa sina mengi ya kuisifu. Wakati wa utawala wa Rais Mobutu, siasa ya uhalisi iliwataka watu warudi kwenye mambo ya mababu, na ngoma za vijijini ziliingizwa katika animasio ya chama: wanawake katika vitambaa vyenye sura ya rais, wakikata viuno uwanjani juani kwa saa nyingi wakisubiri mgeni ashuke kwenye ndege. Muziki ule ulikuwa wa jadi kwa mavazi, na haukuuzwa dukani, kwa hiyo kwa kipimo cha kawaida ulistahili kuitwa asili tupu. Hakuna muziki uliosahauliwa haraka kama huo. Aliyesifiwa hakuwa na haja ya kujibu, na waliosifu hawakuwa na ruhusa ya kunyamaza.

Sasa nije kwenye mabanga, ambayo watu wenye heshima hupenda kuyalaani. Katika muziki wa Kinshasa, mwimbaji hutupa ndani ya wimbo majina ya wafanyabiashara, wanasiasa na wenye magari makubwa, na wenye majina hayo hulipa ili watajwe. Wakosoaji husema kwamba huku ndiko biashara ilikoharibu muziki wetu. Mimi husikia kasala. Kuna jina, kuna sifa, kuna malipo. Kinachokosekana ni ujuzi: mwimbaji wa kasala alipaswa kujua baba wa baba yako na mto alioukimbilia vitani, na akikosea aliaibishwa mbele ya wazee, wakati mwimbaji wa mabanga anahitaji tu ujumbe wa simu wenye tahajia sahihi. Tena sifa ya kasala ilikuwa na makali. Iliweza kukukumbusha deni au woga wa ukoo wako katikati ya utamu. Mabanga hayana makali kwa sababu yamelipwa kabla. Hapo nakubaliana na wakosoaji, lakini kwa sababu nyingine: kosa ni kwamba pesa imewahi kufika kabla ya wimbo.

Tshala Muana, aliyezaliwa katika mji wetu huu mwaka 1958 na kufariki Kinshasa mwezi Desemba 2022, alipita katikati ya haya yote. Mutuashi, uchezaji wa viuno wa Waluba wa Kasai, ilikuwa ngoma ya nyumbani na ya sherehe. Yeye aliipandisha jukwaani na kuipa magita ya umeme, synthesizer na studio za Paris, naye akawa malkia wake. Nimekua nikisikia wamama wa Kikasai wa Lubumbashi wakimlalamikia kwa kuanika viuno mbele ya kamera, na nimewaona wamama hao hao wakiinuka kwenye harusi mara tu nyimbo zake zilipoanza, wakimfundisha bibi harusi namna ya kuzungusha kiuno ambayo, kwa maneno yao, Tshala aliikosea. Rekodi hiyo ilikuwa ya biashara kabisa, lakini katika ua wa harusi iligeuka mahali pa kubishana juu ya namna sahihi, na noti zilibandikwa kwenye paji la uso la bibi harusi na la yule aliyecheza vizuri zaidi. Kaseti ilifanya kazi ya mpiga ngoma, na wanawake wakamalizia sehemu ambayo kaseti haikuweza.

Mambo huweza pia kwenda kinyumenyume. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2021. Muziki huo ulikuzwa katika studio za wafanyabiashara wa Kigiriki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kampuni ya Jeronimidis iliyoanza mwaka 1948 na kumtoa mwimbaji Wendo iliitwa, kwa kweli, Ngoma. Bidhaa ya dukani ikawa mali ya mababu ndani ya umri wa mtu mmoja. Sherehe zilifanyika, mawaziri walizungumza, nami nilifurahi kama wengine. Nilichotamani kuona ni orodha ya wajane wa wapigaji na kiasi ambacho urithi huo ungewaletea.

Karindula imepita njia ya aina hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, ambayo kabla ya hapo ilikwisha kuwauzia Wazungu likembe (vinanda vya vidole gumba) za umeme za kundi la Konono N°1 kutoka Kinshasa, ilitoa mkusanyo wa makundi ya karindula ya Lubumbashi, pamoja na picha zake za video, chini ya usimamizi wa Vincent Kenis. Muziki huo uliwekwa katika kundi la tradi-moderne, yaani jadi na usasa pamoja, jina ambalo linaruhusu duka kuuza vitu viwili kwa bei ya kimoja. Ukitazama video zile, utaona jambo ambalo santuri za mwaka 1952 hazikuweza kulishika: duara la watu, watoto wanaoingia na kutoka, mzee anayesogea na noti mkononi, mwimbaji anayemgeukia. Nyimbo zimeachwa ziwe ndefu. Kamera imefanya kile ambacho sindano haikuweza, na kwa hilo nawashukuru walioirekodi, hata kama msikilizaji wa Brussels aliyeinunua hawezi kusogea na noti yake.

Vijana wa komini za Kenya na Katuba wanaopiga karindula leo hawasubiri kampuni ya Ulaya. Wanajirekodi kwa simu, na nyimbo zao huzunguka kutoka simu hadi simu na katika kadi zinazojazwa na wale wenye kompyuta ndogo chini ya miavuli karibu na soko. Katika mzunguko huo hawapati hata franka moja, nao wanalijua hilo. Hutoa wimbo ili waitwe kwenye kilio, na kwenye kilio ndiko wanakolipwa, kwa njia ya zamani, jina kwa jina. Mmoja wao aliniambia kwamba wimbo uliorekodiwa ni kalamu ya kuandikia namba ya simu, na wimbo wenyewe huanza wakishafika penye msiba.

Siku hizi kuna jambo jipya ambalo nimeliona mara kadhaa, na ambalo ndilo lililonifanya niandike. Familia nyingi za hapa zina watoto Lusaka, Johannesburg na Brussels wasioweza kurudi kuzika. Usiku wa kilio, simu hushikwa juu mbele ya duara, na jamaa wa mbali hutazama. Mwimbaji amekwisha kuambiwa majina yao. Anamwita yule wa Brussels kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa jina la kijiji ambacho mtu huyo pengine hajawahi kukikanyaga, kisha hunyamaza kama wanavyonyamaza waimbaji wa kasala, akikitazama kioo cha simu. Mara simu nyingine inatoa mlio: pesa imeingia. Mtu mmoja anasoma kiasi kwa sauti, umati unashangilia, na mwimbaji anaongeza ubeti kuhusu mtoto ambaye mkono wake umevuka bahari. Akituma kidogo, ubeti nao hulisema hilo, na yule wa Brussels, ambaye anasikia Kiswahili cha kwao baada ya siku nyingi, hucheka na kutuma tena.

Bado hawajakubaliana pesa hiyo igawanywe vipi. Mwenye simu iliyopokea anadai fungu lake kwa kuwa namba ni yake na makato ya kutoa pesa yanamwangukia yeye. Mpigaji wa pipa anasema wimbo ungeweza kwenda bila simu lakini usingeweza kwenda bila pipa. Familia ya marehemu nayo husema mtoto wao alituma kwa ajili ya jeneza na chakula cha wageni. Katika kilio cha mwisho nilichohudhuria, mabishano hayo yaliendelea hadi asubuhi, na baba mudogo wangu, ambaye bado anasema kwamba pipa si ngoma, ndiye aliyeombwa awe mwamuzi. Aliamua kwamba aliyetaja majina apewe kwanza, kisha mpigaji, kisha mwenye simu, na kwamba familia isiguse kilichotolewa wimbo ukiwa unaimbwa, kwa kuwa mbele ya bankambo mambo yalikuwa hivyo hivyo.